Chakacha ya Jikoni

Siku hizi kuta za nyumba zote hutunza kila zilichokiona, na mwanafunzi ana ruhusa ya kuziuliza. Nilikuwa natafuta mitindo ya kucheza kwa ajili ya video ya muziki ya darasa letu, nikauambia ukuta wa jikoni, "Nionyeshe mtu anayejua chakacha kwelikweli."

Ukanionyesha mama yangu, ameshika mwiko kama maikrofoni, kiuno kinazunguka, wali unaungua.

"Mama! Si ulituapia jiko ndilo bovu?"

"Nyamaza, Mwanakombo, njoo nikufundishe," mama akasema akiingia jikoni, akicheka hadi machozi.

Tulicheza mpaka jasho likatutiririka. Kisha mama akatundika kanga kuufunika ukuta.

Nyuma ya kanga, ukuta ukapiga makofi, ukaomba turudie.