Mteja wa Urambo

Duka la Levina lilifungwa Jumanne saa tatu asubuhi, bila kufuli wala askari, naye mwenyewe kalishika mkononi. Lilikuwa duka la mtandaoni, la kuuzia asali, na maisha yake yote yalikuwa ndani ya simu. Aligusa, likakataa. Akagusa tena kwa nguvu, kana kwamba anagonga mlango, likakataa.

Ujumbe ulikuwa mfupi. Mwenye kadi iliyolipia chupa ishirini na nne amelalamika benki kwamba hakununua kitu, na hela zote zimerudishwa kwake. Levina alete uthibitisho ndani ya siku tatu, la sivyo duka linafutwa.

"Hakununua!" Alipiga ukelele mpaka jirani yake Yustina akaja mbio na mwiko mkononi, mtaa mzima wa Isevya ukichungulia. "Mteja wangu namba moja huyo! Ntakirutimana wa Urambo!"

Namba moja kweli, maana namba mbili ndiyo kwanza alikuwa amejitokeza. Hoteli moja ya Dar es Salaam ilikuwa imeagiza chupa sitini wiki hiyohiyo, na oda yenyewe ilikuwa imefungiwa humohumo dukani. Asali ya oda hiyo akina mama wa Kwihara walikuwa wameshamletea kwa mali kauli, alipe akishauza, na wale si watu wa kuambiwa habari za mtandao. Levina aliogopa, na hofu ikimshika yeye hugeuka ukali.

Huyo Ntakirutimana alikuwa akinunua chupa tatutatu, na kila mara anaacha neno: "Mama, ukilamba hii unakumbuka nyumbani." Levina alikuwa akimsomea mumewe maneno hayo kwa sauti, kila mume arudipo safari. Leodgar, dereva wa lori la Kigoma, ndiye aliyeapa mbele ya shemeji zake kwamba asali haiuzwi kwenye simu. Mnunuzi wa Tabora lazima achovye kidole, alambe, akunje uso, aseme ina moshi, ndipo atoe hela.

"Unasikia wenye akili wanavyosema?" Levina humuuliza. Leodgar hunywa chai yake.

"Sasa utafanyaje?" aliuliza Yustina.

"Namfuata hukohuko. Hanijui huyo! Mwezi uliopita tu nimekuta kikampuni cha jina la kizungu kinachota kwenye akaunti yetu, nikakimbilia benki, wakarudisha mpaka senti ya mwisho. Leodgar alivyosikia, chai ikampalia."

"Huyo Ntakirutimana kapatikana," alisema Yustina, akarudi kwenye ugali wake.

Alfajiri Levina alipanda basi la Urambo, risiti za mizigo zikiwa kwenye mkoba, matusi yakiwa yamepangwa kinywani kuanzia dogo hadi kubwa. Njia nzima alikuwa akiongeza mengine. Hakupata tabu kumpata mtu wake. Alikuwa fundi pancha kando ya barabara ya Kigoma, mzee mpole mwenye grisi mpaka masikioni.

"Shikamoo," alisema Levina, maana adabu haina likizo.

"Marahaba, mama. Karibu."

"Wewe ndiye Ntakirutimana? Uliyepokea asali yangu, chupa ishirini na nne?"

"Nimezipokea zote. Na sahihi kwenye risiti ni yangu."

Matusi yote yakakosa pa kutokea. Mtu amejiandaa kukanwa, anakubaliwa! "Sasa kwa nini umewaambia benki hukununua?"

"Benki mimi naijua kwa nje, mama. Kadi ya benki sijawahi hata kuigusa. Mimi nampokelea mwenyewe. Akipita ananiachia chupa moja, nyingine anawagawia wenzake huko njiani."

"Mwenyewe ni nani?"

Mzee aliangalia tairi. "Kaniapisha nisiseme."

"Utasema polisi, baba yangu. Mimi sina ugomvi na wewe, ila mtu wangu nimtie machoni leo. Watoto wangu wanasomeshwa na hiyo asali." Machozi yakamtoka hapo, akayafuta kwa hasira.

Mzee hakuweza kuvumilia machozi. Alitoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu. "Bosi, mwenye asali yuko hapa. Analia."

 Kwenye simu kikatoka kikohozi ambacho Levina alikuwa amelala nacho ubavuni miaka kumi na tisa.

"Leodgar?"

"Nilinunua mimi, Mama Ange. Zote. Nilishaapa mbele ya kaka zako, ningerudije nyuma? Na duka lilikuwa halina mtu."

Levina aliketi juu ya tairi. Moyo ulimlainika, akamwona mumewe pale mezani na chai yake, akisomewa maneno yake mwenyewe. Alitaka kucheka. Kisha akakumbuka siku zilizobaki, akasimama tena.

"Yaani unaninunulia, unanisifu, halafu unanigeuka? Una roho gani wewe mwanamume? Kwa nini ulikwenda benki kusema hukununua?"

"Mimi benki sijaenda," alisema Leodgar, kwa upole wa mtu anayemwondolea mwenzake mwiba. "Kile kikampuni cha jina la kizungu kilichochota kwenye akaunti yetu ndicho kinachokusanya malipo ya duka lako. Benki ulikwenda wewe."