Jumanne za Baba Afra

Mardhiya alijibanza nyuma ya mama mmoja mwenye mikoba minne, akamtazama mumewe akivuka barabara. Walikuja Queensbury, mtaa mmoja wa London, kwa basi moja: Talib chini, yeye ghorofa ya juu, mtandio umemfunika mpaka puani.

Talib alisimama mbele ya duka la sari, akajitazama kwenye kioo, akaweka sawa kola ya shati. Kisha akaingia mlango mdogo wa pembeni kama mtu aliyeuzoea.

Hii ilikuwa Jumanne ya saba. Kila Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, Talib alijifukiza udi, akasema anakwenda kumtazama mgonjwa.

"Mgonjwa gani huyu, Baba Afra, hafi wala haponi?" Mardhiya alimuuliza wiki iliyopita.

"Muombee dua tu, Mama Afra," Talib akajibu, akatoka haraka.

Halafu jana simu ya duka ikalia. Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Wahindi wa Nairobi: "Mwambie Pushpa anamkumbusha Jumanne. Asichelewe." Simu ikakatwa.

Duka lao lilikuwa Harrow. Walikodisha vifaa vya harusi: viti vya maharusi, mazulia, mapazia, taa. Kila harusi iliandikwa kwenye daftari moja kubwa, na Talib hakutaka kusikia habari ya kitu kingine. Mwanzoni mwa mwaka ule, 2009, binti yao Afra alimweleza kwamba orodha yote ingeweza kuwekwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali, ikasomeka popote penye intaneti. Talib alicheka mpaka akakohoa.

"Wingu? La London hili? Si litanyesha harusi za watu!"

Mardhiya hakucheka. Alimwomba Afra amfundishe kwa siri. Talib akenda msikitini alasiri, yeye hufungua laptop stoo, akanakili daftari ukurasa kwa ukurasa. Alikosea, akafuta, akaandika tena. Baada ya miezi mitatu, harusi zote zilikuwa winguni, na mumewe hana habari.

Mwezi wa tano daftari likapotea, siku mbili kabla ya harusi tatu za Jumamosi moja. Walilitafuta dukani, nyumbani, chini ya viti vya gari. Talib akaketi juu ya zulia lililokunjwa, mikono kichwani.

"Tumeaibika, Mama Afra. Watu wote wa Pemba walioko London watatusema."

Mardhiya aliingia stoo, akajifungia, akatoka baada ya dakika kumi. Akaanza kutaja: huyu ukumbi wa Woolwich, viti mia mbili, mapazia ya kijani, huyu Wembley, zulia jekundu, huyu taa tu. Hakukosea hata moja.

"Una kichwa wewe!" Talib alisema, akamtazama kwa muda mrefu.

"Namshukuru Mola," Mardhiya akajibu, akainamisha uso.

Siri ile ilimkereketa tangu siku hiyo. Lakini leo, akiwa ameshika mlango mdogo wa pembeni ya duka la sari, aliiona nyepesi kama unyoya. Mie nimemficha orodha, alijisemea, yeye amenificha mke!

Akapanda ngazi polepole. Juu akasikia mwanamke anacheka. Miaka ishirini na tisa ya ndoa. Walifika mji huu na sanduku moja, wakalala chumba kimoja chenye baridi, wakashona mapazia ya kwanza kwa mikono yao. Maneno aliyoyatayarisha tangu asubuhi yote yalimkimbia. Machozi yakamjia, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Akachungulia.

Chumbani mlikuwa na watu sita, wamezunguka meza, kila mmoja na laptop yake. Mumewe alikuwa amesimama mbele yao, mikono ya shati ameikunja.

"Bonyeza hapo, Bwana Method," Talib alikuwa akimwambia kinyozi mmoja mwenye aproni. "Usiogope, haiumi. Ukikosea unafuta, unaandika tena."

"Mwalimu," akauliza mzee aliyekaa dirishani, "na mashine hii ikiibiwa, wateja wangu wa mboga si wamekwenda nayo?"

"Hawendi popote, Mzee Naftali. Unaazima ya jirani, unaingiza jina lako na neno lako la siri, unawakuta pale pale winguni. Daftari langu mie lilipotea siku mbili kabla ya harusi tatu, na hakuna bibi harusi aliyekaa chini!"

Wote wakacheka. Aliyecheka zaidi alikuwa mama mmoja wa Kihindi, nywele nyeupe, futi ya kupimia vitambaa shingoni. Sauti ile Mardhiya aliijua.

"Na wewe, mwalimu," akasema Pushpa, "haya yote ulisoma chuo gani?"

"Chuo? Mie?" Talib akatikisa kichwa. "Nimefundishwa na mke wangu. Tangu daftari lipotee, nikirudi mapema msikitini, husimama kimya nyuma ya mapazia ya stoo, nikamtazama anavyoingiza harusi mpya mpaka amalize."

Akashusha sauti, wanafunzi wakasogea kumsikiliza.

"Lakini nakuombeni, mkimuona msimwambie. Mwenyewe hajui kama amenifundisha."