Valvu Iliyosubiri Kuambiwa

Rangi ilishaanza kumwagwa kutoka kwenye tangi la vitenge, lakini mvuke ulikuwa bado unaunguruma ndani ya bomba.

Asia, fundi wa kompyuta, alisogeza kiganja karibu na bomba, akakirudisha haraka. Lilikuwa la moto vilevile. Kwenye kompyuta inayoendesha mashine, kisanduku cha hatua ya kuchemsha kilishazimika, na cha kumwaga kilikuwa kinawaka kijani. Visanduku vyote alivichora yeye mwenyewe.

Mlangoni alisimama tajiri aliyekinunua kiwanda kutoka serikalini. Alishasema jaribio hili la kuendesha mashine kwa kompyuta likishindikana, mashine zitauzwa kama chuma chakavu.

"Vitenge vitaungua, mwanangu," alisema mzee wa Mwembesongo, mmwagaji rangi wa miaka yote. Akanyoosha mkono, akaifunga valvu ya mvuke mwenyewe.

"Baba, zamani nani alikuwa anaifunga?"

"Mimi. Nikija kumwaga, napita hapa nafunga. Nani aniambie?"

Asia akaangua kicheko. Kumbe! Mashine aliipangia ifungue mvuke na iuache wazi hata hatua ikipita, mpaka iambiwe vinginevyo. Kuiambia hakukumbuka, kwa sababu humu ndani hakuna aliyewahi kuambiwa.

Akaongeza amri moja kwenye kisanduku cha kumwaga: funga mvuke.

"Tunarudia, bosi," akasema.

Safari hii, rangi ilipoanza kutoka, mkono wa mzee ulishaifuata valvu kwa mazoea. Kabla haujafika, valvu ikajifunga, bomba likanyamaza.

Mzee aliutazama mkono wake uliobaki hewani, kisha akaigeukia valvu.

"Marahaba," akaiambia.