Kicheche Daktari wa Miguu

Paukwa! Hata msipoitikia nasimulia.

Mama Tembe, kuku mpenda makuu, aliatamia ndani ya beseni la plastiki. Kifaranga wake alipoanguliwa akateleza humo, miguu ikatanuka, akashindwa kusimama. Kicheche akabisha hodi, ati daktari.

"Pole, mama. Ugonjwa huu unaambukiza. Nipe nikamtibie kwangu."

Mama Tembe akaona mate yanavyomdondoka. Akajua huyu si daktari, lakini akatabasamu.

"Bibi yangu alitibu kwa kufunga miguu kwa uzi, daktari. Acha nijifunzie kwako, nisije nikamuumiza mtoto."

"Funga, mama! Bingwa haogopi uzi!"

Kicheche akafungwa miguu yote minne, fundo juu ya fundo. Kisha Mama Tembe akamfunga mwanawe taratibu, akamlaza juu ya gunia lisiloteleza.

Siku chache baadaye kifaranga akasimama, akamwendea Kicheche aliyekuwa akigaagaa, bado kafungwa.

"Shikamoo, daktari. Wewe bado hujapona?"