Jina Chini ya Picha

Chuo kilikataa kupokea tasnifu ya Tsigereda bila ruhusa ya mwenye picha ya zamani ya harusi iliyomo ndani yake. Basi akamfuata Gashe Demissew, mpiga picha mstaafu, nyumbani kwake Gondar, fomu mkononi, tasnifu kwapani.

"Nitakusainia, mwanangu. Kwanza nione umeiweka wapi," mzee alisema, akimmiminia kahawa.

Tsigereda alipofungua ukurasa ndipo alipokumbuka alichoandika chini ya picha: "Imepigwa na mtafiti."

Alitaka kuyafunika maneno kwa kiganja, akachelewa. Mzee alikuwa ameshavaa miwani. Kidole chake, kilichobabuka kwa dawa za kusafishia picha, kikayapitia maneno yale, kikapanda taratibu hadi kwenye uso wa bibi harusi, kikatulia hapo.

Akasaini fomu, akamrudishia.

"Harusi ya dada yangu hiyo, Mungu amrehemu. Miaka arobaini na mmoja sasa. Sikukuona pale harusini, mwanangu. Ulikaa wapi?"