Barabara Imefungwa

“Afande, nina mtoto anakufa humu ndani!”

Askari wa barabarani hakugeuka. “Mheshimiwa anapita, dada. Tulia.”

Tulia! Muuguzi alirudi ndani ya ambulensi akaubamiza mlango, damu ikimchemka.

Mtoto alilala chali, sare ya shule imechanwa kifuani. Gari lilimgonga nje ya geti la shule. Njiani moyo wake ulisimama, kifua kimejaa hewa isiyo na pa kutokea. Muuguzi alimchoma sindano nene ubavuni, hewa ikatoka kwa kishindo, mapigo yakarudi. Sasa tumbo lilikuwa linavimba. Damu ilivujia ndani, na hiyo dawa yake ni chumba cha upasuaji tu. Paa la hospitali lilionekana pale pale, ng’ambo ya makutano.

“Mlinzi wa shule alisema babu yake ameshapigiwa simu,” alisema dereva. “Atatukuta huko.”

Muuguzi alimwonea huruma mzee wa watu. Pengine naye alikuwa amezuiwa mahali, anahangaika juani.

“Washa king’ora!”

“Kinalia, dada. Hawa hawana masikio.”

Mapigo yakapotea chini ya kidole chake. Alichoma sindano tena, kushoto na kulia. Kimya. Akaminya mfuko wa hewa, akakandamiza kifua, huku akimlaani Mheshimiwa, msafara wake na wote waliompigia kura, yeye mwenyewe akiwemo.

Ndipo pikipiki zikapita, na nyuma yake magari meusi.

“Leo wamepagawa,” dereva alinung’unika. “Sijawahi kuona wakikimbia hivi.”

Walipofika hospitali, magari yale yale yalikuwa yameziba mlango wa dharura. Daktari ilibidi apenye katikati yake mbio, apande ambulensi. Alihangaika na mtoto mpaka jasho likamtoka. Mwishowe akaondoa mikono yake, akamfunika shuka.

Muuguzi aliruka chini, glovu zimelowa damu, matusi yote yamemjaa mdomoni. Walinzi wamkamate wakitaka. Leo mtu huyu angemsikia.

Mheshimiwa alikuwa anatoka mlangoni, koti hana, tai imelegea. Alipomwona akamkimbilia, akamshika mkono.

“Sista, nisaidie. Mjukuu wangu amegongwa na gari huko shuleni. Mimi nimeshafika, lakini ambulensi iliyombeba sijui imekwama wapi.”