Nafsi na Nafasi

Kalamu nyekundu ya mhadhiri wa falsafa ilikuwa imeshagusa karatasi. Sifuri ikikamilika tu, binti aliyesimama mbele yake roho mkononi hana chuo tena.

“Umeandikiwa na akili bandia, na hata kusoma hukusoma! Nimeuliza nafsi ni nini, wewe umejaza ‘nafasi’ kila mahali.”

Binti alikiri. “Kweli nimeandikiwa, Mwalimu. Ila yenyewe iliandika ‘nafsi’. Nikakumbuka nilivyotandika kitanda cha mama siku tuliyotoka kumzika; kilichobaki pale ni nafasi yake. Nikafuta, nikaweka ‘nafasi’. Hilo tu ndilo langu.”

Chini ya ncha ya kalamu, wino ulitanuka mpaka doa likawa kubwa kama kifungo.

Mhadhiri alimsogezea kiti kwa mguu. “Kaa. Futa mengine yote.”